Kicheko Kilichosomwa kwa Sauti: Mapokezi ya Riwaya ya Caitaani Mutharaba-ini

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kwa muda mrefu umejishughulisha na mtunzi na matini kuliko msomaji. Maswali ambayo mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuyauliza ni yale ya maudhui na fani: mtunzi anasema nini, na anakisemaje. Swali la tatu, yaani nani aliyesikia na alifanya nini baada ya kusikia, aghalabu huachiwa wauza vitabu. Katika tanzu nyingi upungufu huo huvumilika. Katika kejeli hauvumiliki, kwa kuwa kejeli haijakamilika mpaka apatikane mtu wa kuicheka na, mara nyingi, mwingine wa kukasirishwa nayo.

Istilahi yenyewe ina utata kidogo. Wapo wataalamu wanaotumia neno “tashtiti” kwa maana ya utunzi wa kukejeli, na wapo wanaolitumia neno hilohilo kwa swali ambalo muulizaji analijua jibu lake. Katika mhadhara huu neno “kejeli” ndilo linalotumika, na linahusu utunzi unaotia chumvi uovu wa jamii mpaka uovu huo uonekane wa kuchekesha bila ya kuacha kuwa uovu.

Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, alidai kuwa historia ya fasihi haiwezi kuandikwa pasipo historia ya wasomaji, na kwamba kila msomaji hukiendea kitabu akiwa na upeo fulani wa matarajio. Dai hilo limekubalika kwa wengi. Hata hivyo, msomaji anayefikiriwa katika nadharia za namna hii kwa kawaida ni mtu mmoja, ameketi peke yake, kimya, na kitabu ni mali yake. Katika Afrika Mashariki msomaji wa aina hiyo yupo, lakini si yeye peke yake. Mfano unaolidhihirisha jambo hili kuliko mingine ni riwaya ya Ngugi wa Thiong’o, Caitaani Mutharaba-ini, iliyochapishwa kwa Kigikuyu na Heinemann mjini Nairobi mwezi Aprili 1980, na ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani.

Riwaya na chimbuko lake

Mwezi Julai 1977 Ngugi alitoa riwaya ya Kiingereza, Petals of Blood, inayowashambulia bila kificho waliojitajirisha baada ya uhuru. Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mwai Kibaki, alihudhuria uzinduzi wake mjini Nairobi. Miezi michache baadaye, mwezi Oktoba, tamthilia ya Kigikuyu aliyoiandika pamoja na Ngugi wa Mirii, Ngaahika Ndeenda, ilianza kuonyeshwa kijijini Kamirithu, karibu na Limuru, na waigizaji wake wakiwa wakulima na wafanyakazi wa hapohapo. Mwezi Novemba maonyesho yakapigwa marufuku. Mwishoni mwa Desemba mwandishi akakamatwa, akawekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila ya kushtakiwa mahakamani, mpaka Desemba 1978. Maudhui ya kazi hizo mbili hayatofautiani sana. Kilichotofautiana ni lugha, na pamoja na lugha, watu walioweza kusikia.

Caitaani Mutharaba-ini iliandikwa humo gerezani, juu ya karatasi za msalani. Ngugi ameeleza kwamba karatasi hizo zilikuwa ngumu, zimekusudiwa kuwatesa wafungwa, na kwamba ugumu huohuo ndio uliozifanya zikubali wino. Baadhi ya askari jela na mahabusu wenzake walimsaidia kwa maneno na nyimbo bila ya kujua wanachangia nini. Muswada ulipogunduliwa na kuchukuliwa katika upekuzi, baadaye ulirudishwa na mkuu wa gereza, ambaye hakuona ubaya ndani yake isipokuwa Kigikuyu chake kuwa kigumu. Huyo ndiye mhakiki wa kwanza wa riwaya hii, na hukumu yake inastahili kukumbukwa, kwani wakubwa wake hawakukubaliana naye baadaye.

Kisa kinamhusu Jacinta Wariinga, karani mpiga chapa wa Nairobi ambaye amefukuzwa kazi kwa kumkataa mwajiri wake, ameachwa na mpenzi wake, na ametolewa nje ya chumba alichopanga. Anapanda matatu kuukuu kuelekea Ilmorog pamoja na abiria wengine, na humo garini inabainika kwamba wamealikwa, au wamepata habari, juu ya karamu ya Shetani. Karamu hiyo ni mashindano ya kuwachagua mabingwa saba wa wizi na unyang’anyi wa kisasa, mbele ya wageni wa heshima kutoka nchi za ng’ambo. Kila mshindani hupanda jukwaani akajisifu: ana magari mangapi, mashamba mangapi, wake na vimada wangapi, na ameibaje.

Hapo ndipo ucheshi wa riwaya unapofikia kilele, na ndipo inapofaa kutulia. Mshindani mmoja wa mwanzo ni mwizi mdogo, aliyeiba kuku kwa sababu ya njaa. Anazomewa na kutupwa nje, kwani anawavunjia heshima wezi wa haki. Mwingine anapendekeza kwamba ardhi ikishaisha kugawanywa, udongo uuzwe katika vyombo vidogo vidogo na hewa itiwe makoponi, ili maskini wanunue pumzi. Mwingine anasimulia jinsi alivyofungua shule ya chekechea yenye mwalimu mkuu Mzungu. Wazazi weusi wenye uwezo walipotaka kuwaona pia watoto wa Kizungu wakisoma humo, alinunua masanamu ya kuonyeshea nguo madukani, akayapanga kama wanafunzi, na shule ikajaa. Yupo pia anayeota kiwanda cha viungo vya mwili, ili tajiri aweze kuwa na vinywa viwili na matumbo mawili, na mali yake isimshinde kuila. Hakuna mshindani anayetubu. Ukatili umo katika adabu yao: wanazungumza kama watu wazima wanaotoa nasaha kwenye harusi.

Wasomaji wa kwanza: baa, matatu na mapumziko ya mchana

Wachapishaji walipiga nakala 5,000, wakitarajia kwamba zingemalizika katika muda wa miaka mitatu mpaka mitano. Katika mwezi mmoja ikabidi wachapishe nyingine 5,000, na kabla ya mwaka kwisha 5,000 zaidi. Jumla ilikuwa nakala 15,000 kufikia Desemba 1980. Hata riwaya za Kiingereza za kampuni hiyo hazikuwahi kuuzwa Kenya kwa kasi hiyo. Hata hivyo takwimu hizo zinahesabu vitabu, hazihesabu masikio.

Ngugi amesimulia, katika insha zake zilizotolewa mwaka 1986 kwa jina la Decolonising the Mind, jinsi kitabu kilivyosomwa. Jamaa za nyumba moja walikusanyika jioni, na yule aliyejua kusoma akawasomea wengine. Wafanyakazi walifanya vivyo hivyo wakati wa mapumziko ya mchana. Kilisomwa katika mabasi na teksi. Na kilisomwa katika baa, ambako lilizuka kundi la watu wanaoweza kuitwa wasomaji wa kulipwa. Msomaji wa baa alisoma kwa sauti huku wanywaji wakisikiliza. Alipofika mahali patamu na kuona bilauri yake haina kitu, alikiweka kitabu chini. Wasikilizaji walimpigia kelele mwenye baa amletee chupa nyingine. Usomaji uliendelea mpaka bilauri ilipokauka tena, na hivyo usiku baada ya usiku hadi mwisho wa riwaya.

Kisa hiki kimenukuliwa mara nyingi kama jambo la kufurahisha, na pengine kwa sababu hiyo hakijachunguzwa ipasavyo. Ifahamike kwanza kwamba msimulizi wake mkuu ni mtunzi mwenyewe, na mtunzi si shahidi asiye na upande. Lakini takwimu za mauzo zinamuunga mkono, na namna ya usomaji anayoieleza si ngeni kwa mtu anayeijua pwani ya Afrika Mashariki, ambako tenzi ndefu zilikuwa na watu wake wa kuzisoma mbele ya hadhira, na hadhira ilijua pa kuitikia. Kisa cha baa kinafundisha jambo mahususi kuhusu kejeli. Anayesoma peke yake anapokutana na mtu anayetaka kuuza hewa, hutabasamu na kugeuza ukurasa. Anayesikia habari hiyo katikati ya watu arobaini huwatazama wenzake kwanza, ili ajue kama nao wamemtambua mtu anayesemwa. Kicheko kinachofuata si cha mtu binafsi tena; ni kauli ya pamoja, na kila mmoja ameiona kwa wenzake. Hilo ndilo linaloweza kuitisha serikali, hata kama hakuna aliyetamka jina la mtu.

Jambo la pili ni kwamba kituo cha usomaji hakikuamuliwa na sura za kitabu. Kiliamuliwa na msomaji mwenye kiu, aliyejua ni wapi wasikilizaji wasingekubali aachie. Huo ni ufundi wa mtambaji wa ngano, si wa msomaji wa riwaya. Ngugi alikuwa ameiandaa nafasi hiyo, kwani msimulizi wa Caitaani Mutharaba-ini ni mpigaji wa gicaandi, fanani wa kimapokeo wa Wagikuyu mwenye kibuyu na mafumbo yake. Pia ameeleza jinsi maandishi ya Kigikuyu yalivyomtaabisha: aya aliyoiandika usiku akijua inavyosomeka, baadaye aliikuta inaweza kusomeka vingine, kwa kuwa tahajia haikuonyesha kila tofauti ya sauti. Matini inayokusudiwa kupazwa haiwezi kumwachia msomaji mashaka ya aina hiyo mbele ya hadhira.

Dola kama msomaji

Riwaya haikupigwa marufuku, lakini haikuachwa salama. Henry Chakava, mchapishaji aliyekubali kuitoa, aliyefariki mwaka 2024, alitishwa, akavamiwa na watu wenye silaha na kujeruhiwa kidole. Mwezi Machi 1982 ukumbi wa wazi wa Kamirithu ulibomolewa na polisi, na katika mwaka huohuo Ngugi akabaki uhamishoni. Usomaji wa dola unaonekana dhahiri zaidi, hata hivyo, katika riwaya iliyofuata.

Matigari ma Njiruungi iliandikwa London mwaka 1983 na kuchapishwa Nairobi kwa Kigikuyu mwezi Oktoba 1986. Mhusika mkuu ni mpiganaji wa msituni anayezika silaha zake, anajifunga mshipi wa amani, na kuzunguka nchi nzima akiuliza ni wapi mtu anaweza kupata kweli na haki. Nchi anayoipita imejaa vichekesho vya giza: redio inayojiita sauti ya kweli, na wasomi ambao taaluma yao rasmi ni ukasuku. Ikumbukwe kwamba Rais Daniel arap Moi, katika hotuba ya mwezi Septemba 1984, aliwataka mawaziri na watumishi wote waimbe kama kasuku wimbo alioutoa yeye, kama alivyokuwa akifanya yeye mwenyewe zama za Jomo Kenyatta. Ngugi amelalamika mahali kwingine kwamba ni kazi ngumu kumkejeli mtawala ambaye kauli zake zimeshaipita kejeli.

Kwa mujibu wa maelezo ya mtunzi katika toleo la Kiingereza la mwaka 1989, lililotafsiriwa na Wangui wa Goro, kufikia Januari 1987 makachero waliripoti kwamba wakulima wa Kenya ya Kati walikuwa wakizungumza habari za mtu aitwaye Matigari, anayezunguka akidai kweli na haki. Ikatolewa amri akamatwe. Polisi walipogundua kwamba ni mtu wa kitabuni, mwezi Februari walivamia maduka ya vitabu na bohari ya mchapishaji, wakazoa kila nakala waliyoiona.

Watu wengi hulisimulia tukio hili ili kuwacheka polisi. Kicheko hicho ni haki, lakini kinaficha kwamba polisi hawakukosea sana. Wakulima waliokuwa wakimtaja Matigari hawakuwa wajinga wasiojua kutenganisha kitabu na maisha. Mtunzi mwenyewe, mwanzoni mwa riwaya, anampa msikilizaji ruhusa ya kukiweka kisa katika nchi na wakati autakao. Walioipokea ruhusa hiyo walikuwa wakifanya kile ambacho jamii nyingi hufanya kwa ngano: kulitumia jina la mhusika kama lugha ya kuzungumzia mambo ambayo hayasemeki wazi. Makachero waliyasikia mazungumzo yakiwa ya kweli, nayo yalikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kutiwa pingu. Kwa hiyo mtu alipokosekana, kitabu kikakamatwa badala yake. Kwa maana hiyo dola ilisoma kwa makini kuliko wahakiki kadhaa.

Wahakiki na lawama zao

Wahakiki wa vyuoni, ambao wengi wao waliisoma riwaya ya kwanza kwa Kiingereza kama Devil on the Cross, tafsiri ya Ngugi mwenyewe ya mwaka 1982, hawakuonyesha shauku ya baa. Lawama zilizorudiwa ni kwamba wahusika ni bapa, kwamba hotuba za wezi ni ndefu na zinajirudia, na kwamba mtunzi anahubiri. Lawama hizi si za uongo. Wezi wa Ilmorog kweli ni bapa, na hotuba zao kweli zinajirudia. Lakini mhusika wa kejeli hakuumbwa ili awe duara. Ameumbwa ili atambulike mara moja na mtu anayesikia kurasa tano leo na nyingine kesho, chupa ikiwa mkononi. Marudio yanayomchosha msomaji wa maktabani ndiyo yanayomrejesha kwenye kisa mtu aliyeikosa jioni ya jana.

Lawama moja ni nzito zaidi na haijibiwi kwa hoja ya usimulizi. Mwishoni, Wariinga, ambaye sasa ni fundi wa mitambo mwenye bastola, anamuua mzee tajiri aliyempa mimba alipokuwa mwanafunzi, na ambaye anagundulika kuwa baba wa mchumba wake. Elleke Boehmer, katika makala ya mwaka 1991, aliuliza ikiwa kumpa mwanamke bastola ni kumkomboa au ni kumvika tu sura ya mwanamume shujaa. Swali hilo bado lina nguvu. Kicheko cha riwaya kinawaangukia wezi kwa haki, lakini vimada wanaojisifiwa jukwaani wamebaki bila sauti, wakihesabiwa pamoja na magari.

Simon Gikandi naye, akiandika mwaka huohuo juu ya Matigari, alionya kwamba tafsiri ya Kiingereza ina hatari ya kuchukua nafasi ya matini asilia, kwani ndiyo inayosomwa, kufundishwa na kujadiliwa duniani. Onyo hilo linaihusu kejeli kwa namna ya pekee. Katika Caitaani Mutharaba-ini, wezi wanapojisifu huchopeka Kiingereza, na Kiingereza hicho ni sehemu ya mzaha: ni nguo za kuazima. Katika Devil on the Cross maneno yaliyokuwa ya kigeni katika matini asilia, yakiwamo ya Kiingereza na Kiswahili, yamepigwa chapa ya mlazo. Msomaji anaona herufi zimelala. Hasikii mtu akijikwaa.

Riwaya katika Kiswahili

Shetani Msalabani ilitafsiriwa moja kwa moja kutoka Kigikuyu, bila ya kupitia Kiingereza, na Ngugi aliliona jambo hilo kuwa mfano wa mazungumzo baina ya lugha za Kiafrika ambayo ni nadra sana. Faida yake kwa kejeli ni kubwa. Kiingereza cha wezi kinabaki cha kigeni, kwa hiyo mzaha wa nguo za kuazima unaendelea kuchekesha. Hasara ni kwamba maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yakichomoza katika Kigikuyu, ya mjini na ya barabarani, yanayeyuka ndani ya lugha inayoyazunguka. Jina la matatu inayowabeba abiria, Matatu Matata Matamu, ni mzaha wa Kiswahili ndani ya kitabu cha Kigikuyu; katika Kiswahili limekuwa jina zuri la gari tu.

Tofauti kubwa zaidi ni ya upeo wa matarajio. Msikilizaji wa Limuru alimjua mwenye shamba anayesemwa, au alidhani anamjua. Msomaji wa Tanga au Unguja anapokutana na mashindano ya Ilmorog, anaona ubepari ukikejeliwa, jambo ambalo lilikuwa limeshazoeleka katika fasihi ya Kiswahili ya Tanzania tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kinachomgusa huenda kikawa kingine: si mwenye mashamba, bali mwizi wa kuku anayefukuzwa kwa kuwaaibisha wenzake, maana mtu huyo yuko kila mahali.

Jina lenyewe la tafsiri lina jambo la kuwavutia wanaisimu. Caitaani na mutharaba ni maneno ambayo Kigikuyu kinashirikiana na Kiswahili, shetani na msalaba, yote mawili yakiwa na asili ya Kiarabu. Na kiambishi -ini cha mahali ni ndugu wa -ni ya Kiswahili. Mfasiri alipofika kwenye jalada hakuwa na neno la kutafuta. Alichofanya ni kuyaandika maneno hayo kwa tahajia ya watu walioyatumia kabla hayajafika Limuru.